Kupima mafuta ghafi kwa infraredi na modeli ya kompyuta katika maabara ya nyanda za juu kusini

Ukiwa na spektromita ya infraredi yenye fuwele ya almasi na kompyuta yenye Python, unaweza kukadiria API (kipimo cha wepesi wa mafuta), asfaltini (sehemu nzito isiyoyeyuka kwenye heptani) na aromatiki (molekuli zenye pete za kaboni) za mafuta ghafi kwa dakika chache na tone moja. Kwa njia za kawaida kazi hiyo hula siku nzima au zaidi, pamoja na heptani na toluini nyingi. Lakini spektra, yaani mchoro wa mwanga uliofyonzwa, haijui API. Inachokijua ni vifungo vya kaboni, haidrojeni, oksijeni na salfa, na namba unaifundisha wewe kwa sampuli ambazo tayari zimepimwa kwa njia ya rejea, yaani kipimo cha kawaida cha maabara. Rejea ikiwa mbovu, modeli itaurudia ubovu huo kwa uaminifu kabisa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu chupa, joto na usafi. Kompyuta inakuja mwishoni.

Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni kama kPa 83 badala ya 101.3 ya pwani. Iringa iko chini yake kidogo tu. Asubuhi za Juni na Julai chumba kisicho na hita kinakuwa baridi kiasi cha nta kuganda ndani ya chupa. Hewa nyepesi na baridi ndivyo vitu viwili ambavyo miongozo iliyoandikwa kwa maabara za pwani au za ng'ambo haivitaji, na ndivyo vitakavyokusumbua.

Mafuta yenyewe

Tanzania haichimbi mafuta ghafi, lakini mafuta hayo si mageni huku. Bomba la TAZAMA, km 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968 likipita Iringa na Mbeya. Kwa miaka mingi lilipeleka malighafi ya kusafishwa kiwandani Zambia, kabla ya kubadilishwa mwaka 2023 kuwa la dizeli. Upande wa kaskazini kuna EACOP, km 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Hilo limebuniwa lipashwe joto njia nzima kwa sababu mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Salfa yake ni kidogo, tofauti na mafuta mengi ya Ghuba ya Uajemi. Tofauti hiyo ndiyo inayowaangusha wengi, na tutaifikia.

Kabla ya kugusa mafuta ghafi, jifunzie kwa dizeli na mafuta ya taa. Sababu ni kwamba hapa rejea unaitengeneza mwenyewe kwa pipeti na huhitaji kipimo kingine. Chukua dizeli ya vituo vitano tofauti, ikiwezekana kwa wiki tofauti ili isiwe ya shehena moja. Kwa kila dizeli andaa mchanganyiko wa mafuta ya taa kuanzia asilimia 0 hadi 50 kwa kupanda asilimia 5: kwa mfano, mL 5 za mafuta ya taa na mL 45 za dizeli ni asilimia 10. Utapata sampuli 55. Mafuta ya taa yana minyororo mifupi zaidi, hivyo kilele cha spektra cha karibu 720 cm⁻¹ (namba ya mawimbi ya mwanga), ambacho ni cha minyororo mirefu ya CH₂, hushuka kadiri unavyoongeza, huku uwiano wa CH₃ kwa CH₂ ukipanda. Jenga modeli kwa dizeli nne, kisha uijaribu kwa ile ya tano ambayo haijawahi kuiona. Kosa litakuwa kubwa kuliko ulivyotarajia, na ni afadhali ulijue hapo kuliko kwenye mafuta ghafi. Ila usiende na matokeo hayo kumshitaki mwenye kituo. Uchakachuaji kisheria unapimwa kwa vinasaba (kemikali maalumu inayotiwa kwenye mafuta) na mamlaka yenye kazi hiyo.

Chupa na safari

Tumia chupa za kioo cha kahawia za mL 100 au 250, zenye kifuniko kilichotandikwa teflon. Mpira wa kawaida huvimba na kuachia kemikali zake ndani ya mafuta, na plastiki nyepesi hupitisha sehemu nyepesi. Jaza hadi asilimia 80 au 85, si zaidi. Chupa iliyofungwa usawa wa bahari ikapita joto la Ruaha Mbuyuni, ikapanda Kitonga na kufika Mbeya, inakuwa na kanieneo ya ndani kubwa kuliko ya nje. Ikijaa pomoni huvuja. Kinachovuja kwanza ni gesi na sehemu nyepesi, kwa hiyo sampuli inafika ikiwa nzito kuliko ilivyoondoka, na hakuna dalili yoyote ya nje zaidi ya harufu ndani ya boksi. Ipime uzito chupa wakati wa kufunga na wakati wa kupokea. Ikipungua zaidi ya gramu 0.5 kwa mL 100, iandike kuwa sampuli iliyopoteza na usiiingize kwenye mafunzo ya modeli.

Mafuta ghafi ni mzigo hatari wa daraja la 3, namba UN 1267. Usimpe kondakta wa basi. Tafuta msafirishaji anayeruhusiwa kubeba vimiminika vinavyowaka.

Ikifika, iweke kwenye jokofu lisilo na cheche ndani, au kabati baridi lenye giza. Jokofu la nyumbani lina taa na swichi ndani, na mvuke wa mafuta ghafi hauhitaji zaidi ya hapo ili kuwaka.

Kupasha na kuchanganya

Hapa ndipo matokeo mengi huharibika. Mafuta yenye nta yakikaa kwenye baridi, nta huganda na kushuka, asfaltini na maji hukaa chini, na tone la juu halifanani na tone la chini. Kutikisa chupa baridi hakusaidii.

Weka chupa ikiwa imefungwa ndani ya bafu la maji la maabara lenye nyuzi joto 60 kwa dakika 45. Kila baada ya dakika 15 igeuze juu chini mara kumi, taratibu. Usiifungue ikiwa moto: iache ishuke hadi nyuzi 40 kwanza, halafu fungua ndani ya kabati la kuvutia mvuke, chota haraka, funga. Kumbuka kwamba hapa maji yenyewe huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na sehemu nyepesi za mafuta nazo huondoka mapema kuliko pwani. Jiko la koili lisiingie chumba hicho kabisa. Baadhi ya mafuta ghafi hutoa haidrojeni salfaidi, gesi inayoua pua kabla haijamuua mtu, yaani ukiacha kuinusa haimaanishi imekwisha. Ukiwa huna kabati linalovuta vizuri, usiendelee.

Mafuta yenye maji huonyesha mlima mpana karibu na 3400 cm⁻¹ na kilele kidogo karibu na 1640. Ukiuona, zungusha sampuli kwenye mashinepewa (mashine ya kutenganisha kwa kuzungusha kasi) kwa dakika 10, katika mirija iliyofungwa iliyopashwa hadi nyuzi 60, kisha chukua mafuta ya katikati. Epuka dawa za kutenganisha maji na mafuta. Nyingi zina vifungo vya kaboni na oksijeni vinavyotoa alama karibu na 1100, na modeli itaisoma dawa kama sehemu ya mafuta.

Tone kwenye almasi

Fuwele ya almasi ya mwakisiko mmoja ndiyo inayofaa. Mwanga unaingia ndani ya mafuta kwa takriban maikromita 2 tu kwenye 1000 cm⁻¹, kwa hiyo hata mafuta meusi kama lami hayazibi kipimo. Lakini maana yake nyingine ni kwamba unapima ngozi nyembamba sana iliyogusa almasi. Sahani ya chuma inayoshika almasi ikiwa baridi, tone la nyuzi 40 linapoa kwa sekunde chache, na nta inaanza kuganda palepale kwenye uso wa almasi. Spektra itaonyesha nta nyingi kuliko iliyomo.

Ipo dalili ya wazi. Kuza eneo la 760 hadi 700 cm⁻¹. Mafuta yaliyoyeyuka yote yana kilele kimoja karibu na 720. Nta ikiganda kuwa fuwele, kilele hicho hupasuka viwili, 720 na 730 hivi, kama bega linalochomoza upande wa kushoto. Ukiliona bega hilo, futa na urudie ukiwa na sahani yenye joto. Sahani za ATR (njia hii ya kupima juu ya fuwele) zenye hita zipo; weka nyuzi 40 kwa kila sampuli, nyepesi na nzito, kwa sababu modeli haivumilii joto la kubadilika. Kwa mafuta ya nta nyingi sana hata 40 haitoshi: seti nzima ipimwe kwa 60, kwa kifuniko. Usipokuwa na hita, pasha chumba, pima kuanzia saa tano asubuhi hadi alasiri, andika joto la sahani kwa kila kipimo, na mafuta ya nta nyingi yaache nje ya modeli. Kujaribu kuyalazimisha ni kupoteza muda.

Mpangilio wa mashine ni huu: 4000 hadi 600 cm⁻¹, resolusheni 4 cm⁻¹, skani 32 kwa sampuli na 64 kwa msingi mtupu (almasi bila sampuli). Iwashe saa moja kabla. Kisha:

1. Safisha almasi kwa toluini, halafu isopropanoli, subiri ikauke.
2. Pima almasi tupu dhidi ya msingi uliopita. Kati ya 2960 na 2850 pasiwe na kitu kinachozidi 0.002 ya ufyonzaji. Kikiwepo, rudia usafi.
3. Chukua msingi mpya.
4. Weka matone mawili, funika mara moja kwa kikombe kidogo cha kioo au chuma, anza skani.
5. Bila kufuta, pima tena mara mbili.
6. Futa, safisha, weka tone jipya kutoka kwenye chupa ileile. Rudia hadi matone matatu.

Hatua ya 5 inaonekana ya kupoteza muda lakini ndiyo inayokuambia kama mafuta yanakauka mbele yako. Toa spektra ya kwanza kwenye ya tatu. Tofauti ikiwa ni mchanganyiko wa kelele tu (mitetemo midogo isiyo na umbo), sawa. Ikiwa ina umbo la vilele kati ya 2960 na 2850, sehemu nyepesi zinaondoka: kifuniko hakizibi, au unachelewa kuanza. Kwa mafuta mepesi hapa nyanda za juu, punguza skani hadi 16 kuliko kuachia tone wazi dakika nzima.

Usafi una mtego wake. Usianze kamwe na heptani, petroli wala asetoni. Vyote hivyo huangusha asfaltini, na itashika kwenye almasi kama utando mwembamba usioonekana kwa macho ila unaoonekana kwenye 1600. Toluini kwanza, siku zote.

Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, unyevu unaingia ndani ya mashine na kuila sehemu ya bromidi ya potasiamu. Silika jeli iangaliwe kila wiki. Ile ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Umeme ukikatika, mashine ikirudi isubiri tena saa moja kabla ya kupima. UPS ya kubeba mashine na kompyuta kwa nusu saa ni sehemu ya vifaa, si anasa. Kila Jumatatu pima utando wa polistairini: kilele chake cha 1601 cm⁻¹ kisihame zaidi ya cm⁻¹ 1.

Kusoma spektra kwa macho

Kabla ya kuipa kompyuta, itazame. Vilele vya 2920 na 2850 ni vya CH₂, 2955 na 2870 ni vya CH₃. Karibu na 1460 na 1376 ni mikunjo ya vikundi hivyohivyo. Karibu na 1600 ni pete za aromatiki. Mafuta mazito hunyanyuka hapo. Eneo la 1700 hadi 1710 ni la asidi za naftheni au mafuta yaliyooksidika kwa kukaa wazi. Karibu na 1030 ni sulfoksidi. Vilele vitatu vidogo karibu na 870, 810 na 745 ni vya haidrojeni za pembeni ya pete, na ukubwa wake kwa kulinganisha unaonyesha pete zimejaa matawi kiasi gani. Spektra yenye kilele cha 1700 kwenye sampuli ambayo mwezi uliopita haikuwa nacho inasema chupa imezeeka. Modeli haitakuambia hivyo. Itakupa namba tu.

Kuna vitu infraredi haioni. Chumvi haionekani, nikeli na vanadiamu hazionekani kwa viwango vinavyokuwemo, na salfa iliyo ndani ya pete za thiofeni huacha alama hafifu. Hata hivyo utakuta watu wanatabiri salfa kwa infraredi na kupata mstari mzuri. Wanachopata ni uhusiano wa pembeni: katika mafuta ya eneo moja, penye aromatiki nyingi huwa pana salfa nyingi. Modeli ya namna hiyo iliyofundishwa kwa mafuta ya Ghuba, ukiipa mafuta ya Ziwa Albert, itakosea bila kutoa onyo. Kwa hiyo salfa pimeni kwa eksirei, njia ya ASTM D4294 (ASTM ni shirika la viwango la Marekani), na infraredi iachieni kazi inazoziona.

Vipimo rejea, na kosa la mwinuko

API inatokana na densiti: 141.5 gawanya kwa densiti linganishi ya nyuzi 15.6, toa 131.5. Mafuta ya 0.876 yana API 30.0. Tumia densitomita ya mrija unaotetema (ASTM D5002) ukiwa nayo. Haidromita inafaa ukisahihisha joto.

Asfaltini hupimwa kwa heptani, njia ya ASTM D6560, ambayo pia ni IP 143. Kwa mafuta yenye asfaltini kati ya asilimia 2 na 5 chukua gramu 4; kati ya 5 na 10, gramu 2. Heptani iwe mL 30 kwa kila gramu. Chemsha kwa kipozeo saa moja, funga, weka gizani dakika 90 hadi 150, chuja kwa karatasi ya Whatman 42, osha nta kwa heptani ya moto inayorudi, halafu yeyusha asfaltini kwa toluini, kausha, pima uzito. Pwani heptani huchemka kwenye nyuzi 98.4, Mbeya huchemka karibu na 92. Asfaltini inategemea joto la kuoshea, kwa hiyo msichanganye namba za Mbeya na za Dar es Salaam kabla ya kupima sampuli tano au sita kwa pande zote mbili na kuona tofauti.

Ukenekaji, yaani kuchemsha mafuta na kukusanya sehemu zake kwa joto, ni mbaya zaidi. Joto unalosoma lazima lisahihishwe kwa kanieneo: ongeza 0.0009 × (101.3 − P) × (273 + t), P ikiwa kPa na t ikiwa nyuzi joto ulizosoma. Kwa P ya 83 na t ya 340, nyongeza ni kama nyuzi 10. Maabara mbili zikichangia data, moja imesahihisha na nyingine haijasahihisha, modeli itajifunza kutofautisha maabara badala ya mafuta. Nunua barometa, kanieneo ya simu ya utabiri wa hewa mara nyingi tayari imegeuzwa kuwa ya usawa wa bahari.

Sampuli ngapi? ASTM E1655 inatoa kanuni nzuri: angalau 24, na modeli yenye vigezo fiche k (vipimo vichache vinavyofupisha spektra), ambayo data yake imeondolewa wastani, iwe na angalau 6 × (k + 1). Ukiwa na sampuli 36 usizidi vigezo 5. Za kuthibitishia ziwe angalau 20, na zisiguswe wakati wa kujenga. Kupata mafuta ghafi tofauti 56 si mchezo, kwa hiyo watu huchanganya. Inaruhusiwa kwa densiti, inayochanganyika karibu sawa na ujazo, lakini changanya densiti na si API, kwa kuwa API yenyewe hainyooki. Kwa asfaltini uwe makini: mafuta mawili yasiyopatana huangusha matope, na tone lako litakuwa na namba isiyo yake. Tone dogo kwenye karatasi ya kuchujia likiacha duara jeusi katikati, mchanganyiko huo tupa.

Kwenye kompyuta

Faili moja la CSV. Kila mstari ni tone moja. Safu za mwanzo: namba ya sampuli, chanzo, tone la ngapi, tarehe, joto la sahani, unyevu wa chumba, nani alipima. Kisha ufyonzaji, takriban safu 1,760. Mpangilio wa kupima uwe wa bahati nasibu. Ukipima mafuta mepesi yote asubuhi na mazito yote alasiri, hakuna hesabu itakayoweza kutenganisha uzito wa mafuta na unyevu wa saa ile.

Kata eneo la 2400 hadi 1800. Almasi yenyewe inafyonza hapo, na kaboni dioksidi ya pumzi za waliosimama karibu iko 2350. Kinachobaki, piga derivativu ya kwanza ya Savitzky-Golay (mteremko wa spektra iliyolainishwa), dirisha la nukta 11 hadi 15, polinomia ya daraja la pili. SNV (kusawazisha kila spektra kwa wastani na mtawanyiko wake) watu huitia kila mahali kama chumvi. Kwa kimiminika kwenye ATR mguso haubadilikibadiliki, na SNV inaweza kufuta taarifa ya kweli kuhusu wingi wa CH. Jaribu bila hiyo kwanza.

Anza na PLS, modeli ya mstari inayotumia vigezo fiche. Kwenye scikit-learn, maktaba ya Python, kuna kijimtego: `PLSRegression` kwa kawaida yake ina `scale=True`, yaani inaipa kila nukta ya spektra uzito sawa, hata sehemu tupu zenye kelele tu. Weka `scale=False`. Kosa hili pekee linaweza kuifanya modeli nzuri ionekane mbaya.

Ukaguzi mtambuka ufanywe kwa `GroupKFold`, kundi likiwa chanzo cha mafuta. Matone matatu ya chupa moja yakigawanyika, mawili kwenye mafunzo na moja kwenye jaribio, kompyuta inajibu mtihani ambao imeshauona. Michanganyiko ya mafuta yaleyale nayo iwe kundi moja na wazazi wake. R² (ulinganifu wa utabiri na rejea, 1 ikiwa kamili) ya 0.99 inayoshuka hadi 0.7 ukibadili mgawanyo ilikuwa ya uongo tangu mwanzo; ile 0.7 ndiyo yako.

Chora kosa dhidi ya idadi ya vigezo fiche kuanzia 1 hadi 10. Litashuka haraka, kisha litambae. Chagua panapoanza kutambaa, hata kama kuna pungufu dogo mbele. Halafu vurugu namba za rejea kwa bahati nasibu na ujenge upya: modeli ikiendelea kutabiri vizuri, kuna uvujaji mahali. Mwisho chora koefisienti dhidi ya namba za mawimbi. Modeli ya asfaltini inapaswa kuegemea karibu na 1600, 1030 na eneo la 870 hadi 745. Ikiegemea 3700 au 1650 kwenye vijimiiba vya mvuke wa maji, umefundisha hali ya hewa.

Msitu nasibu na mtandao neva vinapendwa, lakini kwa sampuli 40 vinakariri. SVR yenye kerneli ya RBF (modeli inayoweza kufuata mikunjo) jaribu pale tu ambapo mabaki ya PLS, yaani makosa yake, yamejikunja waziwazi, na uipe alama za PLS (thamani za vigezo fiche), si nukta zote 1,760. Epsilon (kosa ambalo SVR hulipuuza) iwe karibu na kosa la maabara. Usitafute kosa dogo kuliko la kipimo rejea chenyewe: densitomita na haidromita zikitofautiana kwa API 0.4, modeli inayodai 0.1 imekariri.

Ubora upime kwa RMSEP (ukubwa wa kawaida wa kosa la utabiri) kwenye zile 20 zilizofichwa, kisha gawanya mtawanyiko wa seti kwa hiyo RMSEP. Mtawanyiko wa API 4 na kosa 0.8 hutoa 5, nzuri. Chini ya 2 inafaa kupanga mafuta mepesi na mazito tu. Zaidi ya 3 unaweza kuanza kuitumia.

Kazi ya kila siku

Programu isitoe namba kabla ya kuangalia kama sampuli inafanana na zilizofundishia. Hesabu T² ya Hotelling (umbali wa sampuli kutoka katikati ya seti) na mabaki ya Q (sehemu ya spektra ambayo modeli haiielezi), weka mpaka wa asilimia 95. Ikivuka, iandike "nje ya modeli" na sampuli iende kwenye njia ya rejea. Matokeo yaandikwe pamoja na kosa na toleo: API 30.1 ± 1.6, modeli toleo la 3, ndani ya mipaka. Hiyo 1.6 ni mara mbili ya RMSEP ya 0.8.

Weka sampuli ya udhibiti na uipime kila asubuhi. Isiwe mafuta ghafi, kwa kuwa hubadilika kila yanapofunguliwa. Mafuta mepesi ya msingi ya kulainishia mashine, yaliyogawanywa kwenye vichupa vya mL 5, hukaa miezi. Modeli ya mafuta ghafi haitajua iyafanyie nini, kwa hiyo usitabiri API yake. Fuatilia urefu wa vilele vitatu, 2920, 1460 na 720, kwenye chati. Vikipanda au kushuka vyote pamoja, tafuta uchafu kwenye almasi. Kikihama kimoja tu cha 720, angalia joto la sahani kwanza.

Taa ikibadilishwa, au spektra zikianza kutoka kwenye mashine nyingine, chukua sampuli 10 zilizohifadhiwa zinazoenea kutoka nyepesi hadi nzito na uzitabiri upya. Kosa likiwa la upande mmoja na linalingana kote, sahihisha kwa kuongeza au kupunguza. Likiwa kubwa kwenye mazito na dogo kwenye mepesi, pima seti yote ya mafunzo kwenye mashine mpya. Chanzo kipya kabisa cha mafuta kikija, sampuli tano hadi kumi zake zipite kwanza kwenye densitomita na heptani, ziingizwe kwenye seti, na modeli ijengwe upya chini ya namba mpya ya toleo.

Mabaki ya toluini, heptani na mafuta yasimwagwe sinki. Tenga dumu la chuma lenye mfuniko na lebo, lisijazwe zaidi ya robo tatu, na likabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira.